Jinsi ya Kuishiwa na Dawa Kabla ya Wiki ya Sita

Mwongozo huu ni wa kijana mwenye ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia mahali pamoja, anayeingia chuo kikuu Uingereza mwezi wa Septemba, na ambaye shabaha yake ni kwamba ikifika Novemba awe hana dawa, hana daktari, na ana insha tatu ambazo hata jina lake hajaliandika juu. Si kazi nyepesi. Nawajua walioijaribu wakashindwa, ama kwa kuwa walikuwa na rafiki mwenye kalenda, ama kwa kuwa walisoma barua pepe walizotumiwa. Mimi nilifaulu vuli ya 2023, tena katika wiki ya tano, kabla ya wakati. Kwa hiyo nikisema, nasema kama fundi.

Kwetu, upande wa Mombasa, jambo lenyewe halikuwa na jina. Lilikuwa na lawama. Huyu ukimtuma chumvi anarudi na hadithi. Huyu akili zake ziko juu ya mnazi. Na hayo yalikuwa ya wavulana wanaopanda makabati. Mimi nilikuwa msichana wa kukaa kimya nyuma ya darasa, macho dirishani, na msichana kimya hapelekwi kwa daktari, anasifiwa adabu. Nilifika miaka 17, tumeshahamia Barking, mashariki ya London, ndipo mwalimu mmoja akamwita Mama shuleni. Foleni ya NHS, huduma ya afya ya umma, ilikuwa ya miaka. Mama akauza bangili mbili, tukaenda kliniki ya kulipia, tukapewa fomu ya maswali 18 tukaichape na kuijaza nyumbani. Printa ikatoa nakala mbili, kwa sababu Mama alibonyeza mara ya pili akidhani haikusikia. Ile ya ziada ikaingia kwenye kopo la biskuti, pale panapokaa nyuzi, sindano, na kila karatasi ambayo Mama hajaamua aitupe au aiweke.

Dawa ilipoanza kufanya kazi nilimaliza kitabu kizima kwa mara ya kwanza tangu darasa la sita. Baba alisema ni umri, nimekua. Sikubishana naye. Nilikuwa nasoma.

Hatua ya kwanza: kaa kimya

Fomu ya UCAS, ile ya kuombea nafasi ya chuo, inauliza kama una ulemavu au hali ya kiafya ya muda mrefu. Andika huna. Hapa wazee watakusaidia sana. Baba alilisoma swali hilo akavua miwani. "Mwanangu, una miguu miwili, macho mawili, na mdomo mmoja unaofanya kazi ya watu wanne. Ulemavu uko wapi?" Mama yeye aliogopa watanikata jina.

Mwenye nia ya kuharibu mambo asijisumbue kujua kwamba sheria ya usawa ya 2010 hailitazami neno hilo kwa kuhesabu miguu. Inatazama kama hali uliyo nayo inakukwamisha pakubwa katika shughuli za kila siku, na kama imedumu au itadumu miezi 12 au zaidi. Chuo kikishaambiwa, kinabanwa kukufanyia nafuu: muda wa ziada kwenye mtihani, mara nyingi robo, chumba kisicho na kelele, nyongeza ya siku kwenye kazi za kuandika. Usipokiambia, hakina la kufanya, na wewe utakuwa umelinda heshima ya ukoo.

Asijue pia habari za Posho ya Wanafunzi Wenye Ulemavu. Kwa mwanafunzi wa England anayefadhiliwa na serikali, kiwango cha juu mwaka wa masomo wa 2024/25 kilikaribia pauni 27,000, ingawa hakuna ninayemjua aliyekisogelea. Fedha zenyewe hazipiti mkononi mwako. Zinalipa vifaa vya kukusaidia kusoma, mtu wa kukaa nawe saa moja kila wiki mkapanga kazi, hata kompyuta, ukishatoa pauni 200 za kwanza wewe mwenyewe. Na hazirudishwi, si mkopo. Anayeomba tangu majira ya kuchipua huvikuta vitu vyake vinamsubiri. Mimi niliigundua posho hii mwezi wa Machi, nikiwa tayari chuoni, kwenye tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango wa choo cha maktaba. Aliyelibandika pale anastahili nishani. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu wa aina yangu husoma tangazo hadi mwisho.

Hatua ya pili: jisajili kwa kila kitu isipokuwa kwa daktari

Wiki ya makaribisho kuna hema kubwa uwanjani. Ndani yake meza ya jipii, yaani daktari wa mtaa, iko upande wa kushoto, na mbele yake foleni ya watu kama 20. Upande wa kulia kuna chama cha wapiga makasia, na wapiga makasia wanagawa keki.

Nilijiunga na wapiga makasia. Sijui kuogelea.

Kwa faida ya wale wasiotaka kufaulu, kujisajili kwa jipii hakukuhitaji keki wala kitu chochote. Kliniki haitakiwi kukukataa kwa kuwa huna hati ya anwani au kitambulisho. Unajaza fomu, hata mtandaoni, basi. Kinachowachanganya wengi ni kwamba huwezi kuwa na jipii wawili. Ukisajiliwa unakosoma, yule wa nyumbani anakuondoa kwenye daftari lake. Ukirudi kwenu likizo ukaumwa, unaonwa kama mgonjwa wa muda, hadi miezi mitatu. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuharibu. Ya kwanza ni kubaki na jipii wa nyumbani, halafu ukajikuta uko maili 200 kutoka kwake. Ya pili ni kumwacha kabla hujamuuliza mpya kama atakupokea na dawa zako. Mimi sikutaka kuchagua, nikafanya zote mbili kwa zamu.

Hatua ya nne: amini kwamba dawa itakufuata

(Ya tatu ilikuwepo. Nilikuwa nayo nikipika chai. Itarudi.)

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo tukae kidogo.

Uingereza, dawa za ADHD huanzishwa na mtaalamu. Yeye ndiye anayepandisha dozi kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mpaka ikae sawa. Kisha humwandikia jipii wako kumwomba wagawane kazi: jipii aandike cheti cha dawa kila mwezi, mtaalamu abaki na kukuona angalau mara moja kwa mwaka. Mapatano haya ni ya hiari. Jipii anaweza kukubali, anaweza kukataa, na akikataa hajavunja sheria yoyote. Yule wa Barking alikubali. Nilidhani basi amekubali kwa niaba ya madaktari wote wa kisiwa.

Wiki ya pili chuoni nilihesabu vidonge kwa bahati mbaya, nikitafuta chaja. Vilikuwa vimebaki vya wiki tatu. Nikakimbilia kujisajili kwenye kliniki ya karibu na bweni, na baada ya siku chache nikapigiwa simu na mpokezi. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Daktari amesikitika. Kliniki yao haipokei mapatano ya aina hiyo na kliniki za kulipia. Nikamuuliza sasa nifanyeje. Akasema nimrudie aliyeniandikia mwanzo. Nikamwambia aliyeniandikia mwezi uliopita ni jipii wa Barking, ambaye ameshanifuta kwa sababu nimejisajili kwenu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Ndiyo, hilo hutokea."

Nikarudi kwa kliniki ya kulipia. Wao hawakuwa na shida: walipwe ada, watoe cheti. Lakini sasa ni cheti cha kulipia, na kwa dawa inayodhibitiwa cheti hicho huwa karatasi ya rangi ya waridi. Ni karatasi yenyewe inayotakiwa dukani, si picha, si nakala. Kwenye daftari lao anwani yangu ilikuwa ya Barking. Karatasi ikaenda Barking. Mama akaipokea, akaipenda rangi yake, akaitia kwenye kopo la biskuti isipotee.

Wiki moja baadaye nilikuwa mbele ya kaunta ya duka la dawa, kilomita mia tatu kaskazini, nikimwonyesha mfamasia picha ya WhatsApp.

"Mama, wanataka karatasi yenyewe. Picha hawaitaki."

"Picha inaonekana vizuri. Nimewasha na taa."

"Hata kama, Mama."

"Basi mpe simu huyo bwana nizungumze naye."

Nikampa. Mfamasia alisikiliza kwa muda mrefu, akijibu kwa kichwa kama kwamba Mama anamwona. Alipomaliza akanirudishia simu akaniambia kwamba Mama anamsalimia mkewe, na kwamba karatasi bado ni lazima.

Mama hakuituma kwa bahasha. Bahasha, alisema, hukunjwa na watu wa posta. Aliilaza chini ya mahamri ndani ya kopo, ili inyooke, akalifunga kopo kwa leso, akaandika namba ya chumba changu akakosea tarakimu moja. Nililipata baada ya siku tisa, kwa bawabu wa bweni la pili, mahamri yakiwa yamepungua. Karatasi ilikuwa imenyooka kweli. Ilikuwa pia na doa la mafuta kama chapa ya pasi, pale pale kwenye jina la dawa, ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Mfamasia aliiinua kwenye mwanga. Halafu akainusa. "Iliki?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasoma jina, dozi, idadi kwa tarakimu na idadi kwa maneno, kwa sababu sheria inataka zote mbili, akaridhika.

Dawa hakuwa nayo.

Hili silitii katika hesabu ya makosa yangu. Septemba hiyo ya 2023 serikali ilikuwa imetoa tahadhari ya nchi nzima kwamba dawa za ADHD zimeadimika, methylphenidate na lisdexamfetamine zikiwemo. Nilizunguka maduka saba. Na mfamasia hana ruhusa ya kukubadilishia kwa kitu kinachofanana. Kama cheti kinasema miligramu 36 na yeye ana za 18, hawezi kukuhesabia mbili mbili kwa huruma yake. Cheti lazima kirudi kwa mwandishi. Wakati huo huo cheti cha dawa ya aina hii kina uhai wa siku 28 tangu tarehe yake, kisha hufa. Changu kilifia mkononi mwangu kwenye duka la saba, siku ya 29, kikinukia vizuri. Kidonge cha mwisho nilikuwa nimekimeza wiki mbili nyuma.

Ukitaka matokeo kama haya, fuata hatua zote kama nilivyozifuata. Usipige simu kliniki mbili tatu za mji unaokwenda, mwezi wa Julai, ukauliza swali moja tu kabla ya kujisajili: je, mnapokea mapatano ya kugawana matibabu ya ADHD, na ya mtaalamu wa namna gani? Majibu hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, na swali hilo la dakika tatu lingeniokolea vuli nzima. Usiulize pia kuhusu haki ya kuchagua, ambayo kwa aliyesajiliwa na jipii wa England humruhusu kuomba apelekwe kwa mtaalamu yeyote mwenye mkataba na NHS, hata akiwa mji mwingine. Ndiyo iliyoniokoa mwishowe. Ilichukua hadi Mei.

Hatua ya tano: chelewa kwenda kupimwa

Mwenye kutumia dawa hizi hupimwa presha, mapigo ya moyo na uzito kila miezi sita. Ndivyo mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayotunga miongozo ya matibabu, unavyotaka, na jipii mwangalifu hatoi cheti bila namba hizo. Kupima kwenyewe si kazi: kuna mashine kwenye ukumbi wa kusubiria, unatia mkono, inakubana, inatoa kikaratasi.

Siri ni kufika umechelewa. Mimi nilikuwa na miadi ya saa tatu asubuhi, nikaamka saa tatu kasorobo, nikakimbia mlima mzima na begi mgongoni, nikatia mkono kwenye mashine bila kukaa. Mapigo 131. Muuguzi alinitazama kama mtu aliyeletwa na gari la wagonjwa. Cheti kikasimamishwa kwa wiki mbili hadi moyo wangu uchunguzwe. Moyo hauna tatizo. Tatizo ni saa ya ukutani.

Hatua ya sita: kuwa mkarimu

Methylphenidate ilitengenezwa mara ya kwanza 1944, Basel, na mkemia wa kampuni ya Ciba aitwaye Leandro Panizzon. Mkewe Marguerite, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Rita, aliijaribu akaona inamsaidia kwenye tenisi, na ndiyo sababu dawa ikaitwa Ritalin. Tangu hapo kila bweni lina Rita wake. Atabisha hodi usiku wa kuamkia mtihani, atakuita mpenzi, ataomba kimoja tu.

Mpe. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kupunguza akiba. Sheria inaiweka dawa hii daraja la B, na kumpa mwenzio, hata bure, hata kwa mapenzi, kunahesabiwa sawa na kumuuzia. Adhabu yake ya juu ni miaka 14. Nilimweleza Rita wangu hivyo, akaniona mchoyo. Tangu siku hiyo vidonge vyangu vinakaa ndani ya kopo la majani ya chai, kabati la jikoni, na hakuna Mwingereza anayegusa majani ya chai yasiyo kwenye vifuko.

Hatua ya saba: Ramadhani na safari, bila kumuuliza mtu

Anayefunga atajua kwamba dawa nyingi za siku hizi humezwa mara moja asubuhi na kufanya kazi saa kumi hadi kumi na mbili hivi. Wengine humeza wakati wa daku, dawa ikaisha alasiri, wakabaki na saa mbili tatu za kusubiri adhana wakiwa na kichwa kilichofunguliwa kama banda la kuku. Kuna dozi na nyakati zinazoweza kupangwa upya, na daktari huulizwa mwezi wa Shaabani. Kwa mwongozo wetu huu, uliza tarehe 20 Ramadhani, au usiulize kabisa, acha dawa mwezi mzima, kisha jiulize kwa nini umetuma kazi ya somo la takwimu kwa mhadhiri wa historia.

Kisha Desemba shangazi wa Dubai atataka kukuona. Tupa vidonge ndani ya mkoba bila sanduku lake wala karatasi, uone itakuwaje. Methylphenidate iko katika Jedwali la Pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo karibu kila uwanja wa ndege utakaoshukia una neno la kusema juu yake. Kutoka Uingereza huhitaji leseni kama unabeba za chini ya miezi mitatu, lakini unatakiwa uwe na cheti chako cha dawa au barua ya daktari yenye jina lako, safari yako na dozi yako. Falme za Kiarabu zinataka uombe kibali cha serikali yao kabla hujapanda ndege. Na anayeelekea Mombasa au Dar es Salaam abebe za kumtosha hadi arudi. Shirika la Afya Duniani lilikataa 2019 na tena 2021 kuiingiza methylphenidate katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa hivyo asitarajie kuikuta imejaa kwenye hospitali ya wilaya.

Barua! Hatua ya tatu ilikuwa barua.

Hatua ya tatu: usiombe barua

Kwa kweli hii ndiyo hatua yenyewe. Zile nyingine zote ni watoto wake, na ni kawaida yetu kukumbuka wajukuu tukamsahau bibi.

Kabla ya kuondoka nyumbani, daktari anayekutibu anaweza kukuandikia barua moja. Ndani yake: ni nani aliyekupima na ana sifa gani za kazi, lini, kwa njia ipi, umejaribu dawa zipi na ipi imekaa, dozi ya sasa, presha, mapigo na uzito wa mara ya mwisho, na kama kliniki itaendelea kukuangalia kila mwaka ukiwa mbali au inakukabidhi kwa mwingine. Barua hiyo hiyo inafungua ofisi ya ulemavu ya chuo, posho, jipii mpya, na uwanja wa ndege. Rekodi zako za jipii husafiri zenyewe kwa kompyuta, lakini ripoti ya kliniki ya kulipia mara nyingi hubaki ilipo, mpaka mtu aiombe. Iombe Juni. Agosti, wakati matokeo ya mtihani yanatoka na kila kijana wa England anataka barua, daktari wako yuko Hispania kwenye mchanga.

Waliokuwa wakitibiwa na huduma za watoto za NHS wana sababu zaidi ya kuharakisha, kwa maana wakigonga miaka 18 faili lao hufungwa upande mmoja na kutakiwa kufunguliwa upande wa pili. Mwongozo wa NICE unasema uhamisho huo uwe umekamilika kufikia umri huo. Foleni ya watu wazima haijausoma mwongozo.

Na wale wanaotoka Nairobi, Kampala au Dar na viza ya mwanafunzi: mmeshalipa ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, kwa hiyo jipii ni haki yenu kama ya jirani yenu wa chumba. Posho ile ya ulemavu si yenu, lakini nafuu za chuo ni zenu, sheria haiulizi pasipoti. Barua yenu iwe ya Kiingereza, yenye mhuri na namba ya usajili wa daktari, na mjiandae kuambiwa kwamba lazima mpimwe upya. Msichukulie kama tusi. Niliambiwa hivyo hivyo, na mimi nilitoka Barking.

Mimi barua niliiomba hatimaye, Desemba ya mwaka ule wa kwanza, miezi sita baada ya wakati wake. Kliniki ikajibu kwamba ilishaituma zamani, tangu Juni, bila kuombwa, kwa posta, kwa anwani ya nyumbani.

Nilimpigia Mama. Akasema hakuna barua iliyofika. Kisha akasema labda imefika. Nikapanda treni ya Jumamosi. Nilimkuta jikoni, chai yake ya asubuhi imepoa juu ya mashine ya kufulia, ya pili juu ya friji, ya tatu ndiyo anaipika. Miwani anaitafuta, iko kichwani. Akanielekeza kopo la biskuti kwa kijiko.

Barua ilikuwemo, haijafunguliwa, chini ya kitita cha nyuzi nyeusi. Na chini ya barua kulikuwa na ile nakala ya pili ya fomu ya maswali 18. Nilidhani ni tupu. Ilikuwa imejazwa kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wa Mama wa kulalia kushoto: swali la kwanza, alama upande wa mwisho kulia, ule wa "mara nyingi sana". La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. La nne ndilo linalouliza kama huwa unaahirisha kuanza kazi inayotaka kufikiri sana, na hapo kulikuwa na nukta moja ya wino, mahali kalamu ilipogusa karatasi, ikainuliwa.